Matanga ya Mfereji wa Clonderrig

Mama Séraphine hakuwa na ugomvi na ubao. Ubao ni mbao na rangi, haujamkosea mtu. Ugomvi wake ulikuwa na aliyeuandika.

Ubao wenyewe ulisimamishwa kando ya gati la Hässelby Strand, pembeni mwa jiji la Stockholm, pale mabata wanapotembea kama wenye hati ya kiwanja. Ulikuwa mpana kama mlango wa kanisa, na Mama Séraphine alifika hapo akimsindikiza jirani yake Jimmy, mzee wa Kiairishi anayetembea kwa kusukuma kigari. Tangu kiharusi kimpige majira ya baridi, Jimmy alikuwa amebakiwa na maneno mawili tu. La kwanza lilikuwa "jaha", ambalo Waswidi hulitumia kwa kila jambo, kuanzia posa hadi mazishi. La pili lilikuwa tusi la kwao. Mama Séraphine hakujua maana yake, lakini alipenda lilivyokaa mdomoni, akawa analitumia treni ikimwacha.

Jimmy aliusoma ubao. Akausoma tena. Kisha akalitoa lile neno la pili kwa sauti ambayo mabata waliielewa, maana waliruka wote majini.

"Kuna nini?" Mama Séraphine akauliza.

Jimmy aliupiga ubao kwa kiganja, akageuza uso kuelekea ziwani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mama Séraphine alisoma kwa masista kule Kalemie, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, mpaka darasa la sita, akaishia hapo. Kiswidi alikisoma kama mtu anayevuka kijito kwa kurukaruka juu ya mawe: jiwe hili, jiwe lile, na katikati maji. Akaruka. Historia ya Mfereji wa Clonderrig, Irelandi. Maisha ya utulivu. Nahodha na wanaume wake. Mashine iliyotengenezwa Stockholm. Furaha ya safari. Akatafuta neno moja analolijua vizuri, neno "mama". Juu halikuwepo, katikati halikuwepo. Akainama mpaka chini kabisa, penye shukrani, akakuta jina la Torgny, mwenyekiti wa chama cha mashine kongwe. Limeandikwa mara mbili.

"Ah, huyu mtu!" akasema Mama Séraphine. "Amekula chai yangu, halafu amemla mama wa mwenzake!"

Hasira yake ilikuwa na mizizi. Yeye na Jimmy walikuwa majirani wa ukuta mmoja, wote wajane, na kwa miaka mitatu mizima walikuwa wakinywa chai pamoja, leo kwake, kesho kwa Jimmy, wakizungumza Kiswidi, lugha ya kuazima kwa wote wawili. Ni kwenye chai hizo ndiko alikojifunza habari za mfereji huo, ambao hajawahi kuuona na wala hakuwa na haja ya kuuona, kwa jinsi alivyousikia.

Kwao Jimmy, katikati ya Irelandi, nchi ni tambarare na nyevu kama sponji iliyosahauliwa kwenye sinki. Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita wenye mali walitaka mizigo yao ifike mjini, na barabara zilikuwa matope matupu. Basi wakawaita maskini wenye njaa, wakawapa sepeto, wakachimbisha mto wa kulazimisha, mto usiokimbia kwenda popote. Penye mwinuko wakajenga vyumba vya mawe ndani ya maji, vyenye milango mizito ya mbao mbele na nyuma. Tishari linaingia chini, mlango unafungwa, maji yanaachiliwa, tishari linainuka polepole kama unga wenye hamira, kisha linatokea juu na kuendelea na safari. Na tishari ni nini? Ni mashua ndefu, bapa, pana tumboni, isiyo na haraka na mtu. Lilipeleka mjini udongo mweusi wa kinamasi uliokaushwa vipande vipande, ambao Waairishi huuchoma badala ya kuni, na shayiri ya watengeneza bia. Lilirudi na unga, matofali, na mapipa ya bia ileile.

"Kumbe mlikuwa mnasafirisha shayiri ikiwa nafaka na kuirudisha ikiwa ulevi," Mama Séraphine alimwambia siku moja, na Jimmy alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

Mwanzoni farasi ndiye aliyevuta, akitembea kwenye njia ya kando na kamba ndefu mgongoni. Halafu zikaja mashine, na mashine hizo zilitengenezwa hapa hapa Stockholm, katika kisiwa cha Kungsholmen. Kuiwasha ilikuwa shughuli: unakichoma kichwa chake kwa moto wa taa mpaka kiwe chekundu kama kaa, ndipo kinakubali kuguruma. Jimmy alizaliwa akiisikia ikisema tunk, tunk, tunk chini ya godoro. Alipokuwa kijana alikuja Stockholm kuona hilo dude lilikotoka, akakutana na msichana wa Kiswidi, na dude likasahaulika.

Lakini kisa alichokirudia kuliko vyote kilikuwa cha mama yake. Kampuni ya mfereji ilitaka kila tishari liwe na wanaume watatu. Baba yake Jimmy alikuwa nahodha, kijana mmoja alikuwa wa kamba, na wa tatu aliyeandikishwa alikuwa mjomba, mtu ambaye kazi alijua kuisikia kwa mbali, akiwa kilabuni. Jina lilikuwa la mjomba, jasho likawa la mama. Yeye ndiye aliyeshika usukani kwenye upepo na mvua. Yeye ndiye aliyeisukuma milango ya maji kwa mgongo, mimba au bila mimba. Jimmy mdogo alifungwa kamba kiunoni, kamba ikafungwa kwenye bomba la moshi, asije akatumbukia. Hapo Mama Séraphine alikuwa akipiga paja. Hata kwao, wamama waliovuka ziwa na magunia ya samaki wakavu walifunga watoto hivyohivyo. Mtoto ni mzigo pekee ambao ukianguka majini haulipwi.

Malori yalipokuja, mfereji ukafa. Kampuni ikawaita watu wake wote siku ya tishari la mwisho, ikawapa chai, ikawapanga wapigwe picha. Mama yake Jimmy naye akajipanga. Mpiga picha akaambiwa amwombe asogee pembeni, kwa kuwa yeye hakuwa mfanyakazi. Akasogea. Lakini hakusogea sana. Ukiitazama picha hiyo utaona wanaume wamesimama vifua mbele, na ukingoni kabisa kushoto, kiwiko cha mtu.

Na hayo yote Torgny aliyajua! Kabla Jimmy hajaugua, Torgny alikuja na kinasa sauti na mikate miwili ya mdalasini, akakaa alasiri nzima. Mama Séraphine ndiye aliyemmiminia chai. Alimwona kwa macho yake akitikisa kichwa kwa huruma pale Jimmy aliposimulia habari za kiwiko. Na sasa picha ilikuwa pale ubaoni, kiwiko pale pale, na chini yake maandishi: Wanaume wa Clonderrig.

Kesho yake akamfuata Torgny kwenye banda la chama, alikokuwa akiisugua mashine moja ya aina ileile ya matishari. Alikwenda na Jerioth, Mkenya wa huduma ya wazee majumbani, aliyekuwa amekuja kumpa Jimmy dawa zake akajikuta amepewa na kazi ya ukalimani.

"Mwambie," alianza Mama Séraphine, "kwamba ubao wake una shimo."

"Mama, shimo gani? Niseme shimo tu hivyo?"

"Shimo la ukubwa wa mwanamke."

Jerioth alitafsiri kwa upole, akipunguza chumvi kama mtu anayempikia mgonjwa wa presha. Torgny alikuwa mrefu, msafi hata kwenye grisi, na mtaratibu kupita kiasi. Ni wale watu ambao ukiwatukana wanakushukuru kwa maoni yako. Alisema anaelewa. Alisema walilazimika kuchagua, nafasi ilikuwa ndogo. Alisema tena kwamba Jumamosi ni siku ya furaha, ubao utazinduliwa, mashine itawashwa, hawapendi kufukua malalamiko ya zamani.

"Nafasi ndogo?" Mama Séraphine akasema. "Jina lake limepata vitanda viwili, mama wa mtu amekosa hata mkeka? Tafsiri hivyohivyo."

"Ai, Mama! Hiyo siwezi."

"Nani anakulipa, yeye?"

"Hata wewe hunilipi!"

"Basi tafsiri bure."

Jerioth akatafsiri. Torgny akawa mwekundu shingoni, kisha akatabasamu, akasema kwamba Jumamosi, kama Mama Séraphine anapenda, anaweza kutoa salamu fupi kwa niaba ya majirani. Alilisema hilo kama anavyopewa mtoto pipi ili anyamaze.

"Merci," akasema Mama Séraphine. Alipokea pipi. Lakini hakunyamaza.

Njiani alikuwa amewaka. "Sikia, binti yangu. Jimmy ameniambia mambo hayo miaka mitatu. Alikuwa anayaweka kwangu kama mtu anayeweka mbegu kwa jirani. Leo mdomo wake umefungwa, na huyu anaona heri, mwenye shamba bubu! Jimmy akifa kabla mama yake hajatajwa, nani atamtaja? Ule ubao utakaa pale kuliko sisi wote."

"Sasa utafanya nini? Ni salamu tu umepewa."

"Nitafanya matanga."

"Ya nani? Jimmy hajakufa, Mama. Haki, usimwambie mtu hivyo."

"Ya mfereji. Umekufa zaidi ya miaka sitini na haujaliliwa. Ndiyo maana kila mtu anausemea uongo."

Kwao Kalemie, marehemu haondoki nyumbani kabla msemaji wa familia hajasimama. Msemaji anaeleza marehemu alizaliwa wapi, alilishwa na nani, alimtesa nani, nani alimwuguza, na kilichomwua ni nini. Na waliokaa wana haki ya kumkatiza. "Uongo! Hakuzaliwa Moba, alizaliwa Kirungu!" Msemaji anasahihishwa, anarudia, anaendelea. Marehemu asiyegombaniwa ni marehemu asiyependwa. Waswidi, kwa jinsi alivyowaona, humzika mtu wiki nyingi baada ya kufa, kwa ua mojamoja, na hakuna hata mmoja anayepiga kelele kwamba padri amekosea. Mambo gani hayo.

Jumamosi jua lilitoka kwa aibu. Watu wa chama walikuja na makoti yao ya rangi ya mvua, wakapanga viti, wakatoa mikate ya mdalasini. Ubao ulikuwa umefunikwa kitambaa cha buluu. Mashine ilikaa mbele ya banda, ikimetameta.

Ndipo walipofika wamama wa kwaya kutoka kanisa la Wakongomani la Spånga, wamevaa kitenge kimoja, na mikeka kichwani, na sufuria za sambusa na wali. Mama Séraphine alikuwa amewapigia simu akawaambia ni matanga, na Mkongomani hahoji sana palipo na kilio, anauliza akishafika.

"Nani amekufa, dada?" mmoja akanong'ona.

"Mfereji."

"Mfereji... yule fundi wa Uvira?"

"Wa Irelandi. Kaa, utaelewa."

Wakatandika mikeka mbele ya viti, wakakaa, nyuso zimeinama. Torgny aliwatazama, akatazama saa, akaamua kutabasamu. Akahutubia kwa muda mrefu: chuma, vipimo, ufundi wa Stockholm ulivyolisukuma tishari la Irelandi. Jimmy alikuwa ameketi mbele, mikono juu ya kigari, macho chini. Hata mashine ilipochomwa kichwa mpaka kikaiva na kuanza kusema tunk, tunk, tunk, hakuinua uso. Wengine walipiga makofi. Mashine ikazimwa.

"Na sasa," akasema Torgny, "salamu fupi kutoka kwa majirani."

Mama Séraphine alisimama, akajifunga kitenge vizuri. Kiswidi chake cha kuokoteza alikiacha nyumbani. Msemaji wa familia hasemi kwa lugha ya kuazima. Jerioth alisimama karibu naye, ameshika mkoba kama mtu anayesubiri kukimbia.

"Ndugu wafiwa," Mama Séraphine akaanza, na wamama wa kwaya wakajibu kwa mguno mzito uliowafanya Waswidi wa mstari wa nyuma waweke vikombe chini. "Mimi ni msemaji wa familia ya huyu mzee. Marehemu ni Mfereji wa Clonderrig. Alichimbwa na watu wenye njaa, akashibisha watu wenye shibe. Alikuwa mpole. Alibeba udongo wa kuchoma, akabeba shayiri, akabeba ndagala..."

Ulimi ulikuwa umeteleza. Ndagala ni wale samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika. Walimponyoka kwa mazoea, maana kila mashua aliyoijua utotoni ilinuka ndagala. Jerioth alitafsiri: samaki wadogo wakavu.

"Nej," akasema mtu.

Mama Séraphine akageuka. Alikuwa Jimmy. Uso ulikuwa umeinuka, nyusi zimekunjana. *Nej*: hapana. Neno la tatu! Tangu majira ya baridi madaktari, na mwalimu wa kusemesha, na kadi zenye picha za paka, wote walikuwa wameshindwa kulipata.

Moyo ulimruka Mama Séraphine. Uso wake, hata hivyo, ulibaki wa matanga. Akajiuliza kidogo tu, kisha akajitosa.

"Ndagala nyingi," akasema. "Na lile tishari lilikuwa linavutwa na punda."

"Mama," Jerioth akanong'ona, "si ni farasi? Hata mimi najua ni farasi."

"Tafsiri."

"Utaniaibisha mbele ya watu."

"Tafsiri, mwanangu, punda mwenye masikio marefu."

Jerioth akatafsiri. Jimmy alipiga kigari kwa ngumi. Midomo ilihangaika, ikajifunga, ikajifungua. "Farasi!" akafoka kwa Kiswidi. "Fa... farasi!"

Wamama wa kwaya, ambao sasa walikuwa wameielewa kazi yenyewe, wakaitikia, "Eee, msahihishe!"

"Basi farasi," akasema Mama Séraphine kwa unyenyekevu wa paka aliyekaa karibu na maziwa. "Halafu ikaja mashine, ikitoka Ujerumani."

Hapo hata watu wa chama waligutuka. Wazee watatu walisema "Nej!" kwa pamoja, na Jimmy akawashinda wote kwa sauti: "Stockholm!"

Torgny alikuwa amesimama. "Nadhani salamu zimetosha," akasema. "Kuna makosa mengi ya kihistoria."

"Anasema una makosa," Jerioth akatafsiri.

"Mwambie najua. Mimi ninakosea kwa mdomo, upepo unachukua. Yeye anakosea kwa rangi isiyofutika." Na kabla Torgny hajapata jibu akamgeukia Jimmy, akamtazama moja kwa moja, na sauti yake ikashuka. "Namaliza. Wanaume waliendesha tishari peke yao. Mama wa huyu mzee hakushika usukani hata siku moja. Alikaa nyumbani karibu na moto, anafuma soksi, anapumzika. Jina lake lilikuwa Immaculée."

Jerioth alimtazama. Safari hii hakubisha. Alitafsiri taratibu, neno kwa neno, akimwangalia Jimmy.

Jimmy alisimama. Alisimama bila kigari, ambacho kilibingirika mpaka kwenye mkeka wa mama mmoja. Shingo yake ilikuwa imejaa mishipa.

"Attracta!" akasema.

Halafu, kwa sauti iliyopasuka: "Mama. Attracta. U... usukani. Yeye. Yeye!" Akajishika kiunoni. "Kamba. Mimi."

Alikwenda kwenye ubao, hatua zake za mtoto anayejifunza, Jerioth nyuma yake mikono imetanuliwa. Hakungoja mwenyekiti. Alikishika kitambaa cha buluu akakivuta, kikaanguka majanini. Akaweka kidole ukingoni mwa picha, kushoto kabisa.

"Attracta," akasema. "Hii. Mama yangu."

Watu walisogea mmoja mmoja kutazama. Bibi mmoja wa Kiswidi mwenye kofia ya kufuma aliinama, akakitazama kiwiko, akamtazama Torgny. "Ulijua?" akamwuliza. Hakuwa amepaza sauti. Torgny alisema kulikuwa na suala la nafasi. Bibi akasema "jaha", na Mama Séraphine, ambaye alidhani anaijua "jaha" ya kila namna, hakuwahi kuisikia kali namna ile.

"Tutarekebisha toleo lijalo," Torgny akasema. "Labda mwakani."

Jerioth hakungoja kuambiwa. Alimtafsiria Mama Séraphine, kisha akaongeza lake: "Mwakani! Ati mwakani, huyu."

"Kwetu," akasema Mama Séraphine, "familia isiporidhika, maiti haiendi kokote na wafiwa hawaondoki. Mwambie tuna wali."

Wamama wakasogeza mikeka yao mpaka chini ya ubao, wakanyoosha miguu, wakafungua sufuria. Mmoja akaanzisha wimbo wa kilio, wengine wakaupokea. Waswidi walisita kidogo. Kisha bibi wa kofia akachukua sambusa, akakaa chini nao kwa kuugulia magoti. Wengine wakamfuata, maana sambusa zilikuwa na harufu na mikate ya mdalasini ilikuwa imeisha. Torgny alisimama peke yake karibu na mashine yake, akawa kama mtu aliyealikwa kwenye sherehe isiyo yake. Mwisho aliingia bandani, akarudi na bisibisi. Alifungua skrubu moja baada ya nyingine, na watu wawili wa chama wakaubeba ubao ndani. Hakutazama mtu. Mama Séraphine alimfuata mpaka mlangoni kumwambia herufi za jina, T mbili mwanzoni, moja mwishoni, na akamsimamia mpaka alipoziandika kwa kalamu nene, hapo hapo, juu ya maneno "Wanaume wa Clonderrig".

Jioni kabla ya jua kuzama aligonga mlango wa Jimmy na birika mkononi. Jimmy alifungua, akamwona, akanuna.

"Chai?" akasema Mama Séraphine kwa Kiswidi chake.

"Nej."

"Bado umekasirika?"

Jimmy alimwonyesha kiti kama hakimu anavyomwonyesha mshtakiwa. Akakaa mbele yake, akainua kidole, na akaanza kutafuta maneno, moja moja, kama mtu anayeokota sindano kwenye zulia.

"Punda... hapana. Farasi. Wa babu. Mweupe. Mkubwa." Akapumua. "Ki... kipofu. Jicho moja."

Habari ya farasi mwenye jicho moja Mama Séraphine hakuwahi kuisikia, kwa chai zote za miaka mitatu. Akamimina, akasukuma kikombe mbele yake.

"Soksi," Jimmy akaendelea, akimpungia kidole. "Soksi! Mama yangu... hakujua... kufuma!"

"Nisamehe," akasema Mama Séraphine. "Nigombeze vizuri. Nina muda."

Na Jimmy akamgombeza mpaka chai ikapoa.